Kamba Iliyokatikia kwa Papa Léonard

Kamba ilikatika saa mbili ya asubui, Evode akiwa juu ya mukaratusi, metre kama kumi na mbili kutoka chini. Nilisikia mulio kama wa muntu anayepasua nguo kukuu, kisha matawi madogo yakavunjika moja nyuma ya lingine, kisha Evode akatua juu ya tawi kubwa ambalo tulipanga kulikata siku hiyo hiyo. Alilikumbatia kwa mikono na miguu. Tronsoneze, mashini yetu ya kukatia miti, ilizimika, ikabaki inaning'inia ku mukaba wake.

Angelikata tawi lile kwanza, kama alivyotaka wakati wa chai, leo nisingekuwa na habari ya kuandika, ni mazishi tu.

Niseme kwanza kazi yetu ni ya namna gani. Tuko watatu. Evode Byukusenge njo patron: mashini ni yake, depo ya kuni kando ya barabara kule Burungu ni yake, na njo yeye anayepanda. Marcellin anashika kamba chini. Ni mutu wa Walikale, ana miaka kama makumi tatu, bibi na mutoto mumoja, Shekinah, ambao wanaishi nyuma ya depo. Mimi Esdras ni muzee wao. Ninanoa mashini kwa tupa, ninapasua kuni, ninazipanga steri kwa steri, metre moja kila upande. Nilitembea sana mbele ya kufika hapo, Pinga, Hombo, machimbo mengine ambayo hata jina hayana, na sikuwahi kukaa fasi moja miaka mitatu. Burungu nilikuwa nimeanza mwaka wa ine.

Watu wanatuita muti ukiinamia nyumba ao shapeli ya kusalia. Muti wa namna hiyo hauangushwi wote mara moja. Unaukata vipande kuanzia juu. Mwenye kupanda amefungwa kamba kiunoni. Kamba inapita juu ya panda ya muti, inashuka mpaka kwa mwenye kuishika, na huyu ameizungusha mara mbili ku shina la muti mwingine. Wa juu akiteleza, wa chini anakaza. Kwa hiyo wa juu anaweza kukata bila kutazama chini. Siku atakapoanza kutazama chini, hafai tena kupanda.

Papa Léonard anaishi juu ya kilima, mbele kidogo ya kufika Kalembe. Ana ng'ombe kumi na moja, shamba la maharagi, na bibi, Mama Nyirabagenzi. Mvua ilikuwa imelegeza udongo, mizizi ya upande mumoja wa mukaratusi ikatoka inje, na muti ukawa unaiinamia nyumba kama muntu anayesikiliza mambo ya wengine ku dirisha. Tulifika siku ya kwanza saa saba. Tukakata kichwa cha muti na matawi matano, kisha mvua ikatufukuza.

Papa Léonard alikubali tulale ndani ya jiko, lakini vyombo alivikataa.

« Ile mashini, sawa, muingize, iko na bei. Lakini kamba na ile mavyuma yenu inanuka mafuta. Ibaki inje. »

« Kamba hainuke mafuta, Papa, » Evode alisema. « Inanuka jasho yangu. »

« Njo mubaya zaidi. »

Sisi wote tulicheka, lakini mimi nilianza kumutilia mashaka pale pale. Muntu ambaye analala na ndama nyuma ya ukuta, arufu ya kamba inamusumbua nini? Nilifikiri labda anataka vibebwe na wezi, kisha aseme hajui.

Evode alinipa kamba. « Papa Esdras, itafutie fasi yenye itakauka. »

Niliitundika ku miti ya lupango, zizi la ndama, chini ya ukingo wa mabati, fasi ambayo mvua haifiki. Marcellin aliniona, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Ninaliandika sasa waziwazi sababu siku ile sikulisema mpaka liliponibana.

Basi, kamba ikakatika. Evode alishuka kwa vyuma vya miguu, vyenye meno ya kushika shina, polepole, bila kamba, mashavu yake yamejaa maganda ya muti. Marcellin alikuwa amekaa chini matako ndani ya matope, sababu kamba ilimulegea mikononi wakati alikuwa anaivuta kwa nguvu zake zote. Alikuwa bado ameshika kipande chake.

Evode alimunyanganya kile kipande, akachomoa kisu, akakata nyuzi zilizotawanyika, akawasha brike, kiberiti chake cha gazi, akachoma mwisho wa kamba mpaka ukaanza kudondoka. Kisha akafanya vilevile ku kipande kilichobaki kiunoni mwake. Kamba yetu ni ya nilo, nyuzi za plastiki, rangi ya bulu, na nilo ukiiacha saa moja bila kuichoma inafunguka yote. Muntu wa kazi yetu akiona mwisho wa kamba, mukono wake unatafuta brike wenyewe. Hata mimi ningefanya vile.

Ni wakati mwisho wa pili ulikuwa unatoa moshi njo alisimama. Alitazama miisho yote miwili, myeusi, ya mviringo kama mavi ya mbuzi, na nikaona ameelewa kitu alichofanya. Hakuna muntu angeweza kujua tena kama kamba ilikatwa ao ilikatika.

Akauliza kwa sauti ya chini: « Nani alikata kamba yangu? »

« Haikukatwa, patron, » Marcellin alisema. « Ilikatika. »

« Ulijua je? Uliona? »

« Ulichoma kabla niangalie. »

« Miye niliona, » Papa Léonard alisema. Alikuwa amesimama ku mulango wa jiko, hatua kama makumi tatu. « Ile mwisho ilikuwa sawasawa. Kisu njo inakata vile. »

« Uliona toka pale, Papa? » nilimuuliza.

« Macho yangu iko muzima, muzee. Ya kwako? »

Evode alimutazama Marcellin. Kisha alinitazama mimi. Kisha akarudi kwa Marcellin, lakini hakubaki pale, macho yalikuwa yanatembea kati yetu wawili. Na mimi, nikiona yanakuja tena upande wangu, nilifungua kinywa.

« Juma iliyopita, » nilisema, « siku ya soko, nilimuona Marcellin kule Kitchanga anasema na yule mukata miti mwingine, mwenye mashini mupya, anayetuchukulia kazi. Walisema muda murefu. »

Ilikuwa kweli. Lakini niliisema kama muntu anayetupa mufupa ili imbwa ageuke.

« Ulikuwa unasema naye nini? » Evode aliuliza.

« Aliniuliza njia ya kwenda Hombo. »

« Muda murefu? »

« Hombo iko mbali, patron. »

Hakuna aliyecheka. Mpaka leo sijui kama lile jibu lilikuwa la kweli.

Kisha yakaja mengine, sababu muntu akianza kutafuta, hakosi. Marcellin anatembea na kisu siku zote. Asubui ile njo yeye aliyeamuka wa kwanza. Na tena, majuma mawili nyuma, alikuwa ameomba kufundishwa kupanda. Evode alimujibu mbele ya watu ku depo: « Bantu ya Walikale munapanda kufuata asali. Ukikuta nyuki huko juu utasahau mashini. » Tulicheka sana siku ile. Marcellin alicheka pia, lakini alianza wa mwisho na akanyamaza wa kwanza. Nilikuwa nimeliona. Nilimukumbusha Evode hilo pia.

Marcellin alichomoa kisu chake, akakiweka juu ya gogo mbele yetu, akakaa kando yake.

« Hii hapa. Munuse. Jana nilimenyea Mama mihogo. »

« Kisu inanawa, » Papa Léonard alisema. « Miye nitatuma muntu ku barrière. Vijana bakuje bamuulize vizuri. »

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Barrière iko chini ya kilima, ni kamba nyingine tu iliyopita juu ya barabara, na vijana wake wana bunduki. Muntu wa fasi ingine, mwenye kisu, aliyesemwa kwamba alitaka kuua patron wake: huyo wakimuchukua saa sita, saa kumi bibi yake anatafuta fasi ya kulilia, na hakuna wa kumuonyesha kaburi.

« Ngoja kidogo, Papa, » Evode alisema.

« Ningoje nini? Hapa kwangu muntu alitaka kuuwa muntu. Nikinyamaza, kesho batasema ni Léonard njo alimulipa. Na ndugu yangu wa ngambo ya kijito anangoja tu neno kama hiyo ya kunishitakia. »

Kwa hiyo yeye pia alikuwa anaogopa. Nililiweka kichwani.

Evode alionyesha muti. Tulikuwa tumekata matawi ya upande wa nyuma ambayo yalikuwa yanausaidia kusimama, na tawi kubwa lilikuwa linanyooka juu ya mabati ya nyumba. Upepo ukipita, mizizi ilikuwa inalia ndani ya udongo.

« Muti kwanza, » alisema. « Ukituma muntu sasa, nani atashika kamba? Na ile tawi itashukia ku kitanda yako. »

Papa Léonard alikitazama kitanda chake ndani ya kichwa. « Mpaka saa saba, » alisema. « Saa saba ikifika, muti umeisha ao haujaisha, minatuma muntu. »

Marcellin angeweza kukimbia. Musitu wa upande wa Walikale ulikuwa unaonekana kule mbele, na yeye anajua njia zake. Nilimungojea akimbie. Nitasema kweli, nilikuwa ninatamani akimbie, sababu angekimbia, jambo lingekwisha na kila muntu angekuwa na haki. Lakini alikaa tu.

« Nikikimbia njo mutasema ni miye, » alisema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza.

Evode alifunga vipande viwili vya kamba kwa fundo kubwa. Kisha akauliza lile neno nililokuwa ninaliogopa tangu saa mbili. « Kamba ililala wapi? »

Hakuniuliza mimi, aliuliza hewani. Marcellin alinyanyua macho, akanitazama. Alinitazama muda wa kutosha kwa muntu kunywa kikombe cha maji.

« Ililala inje, » alisema.

Ni hivyo tu. Hakusema nani aliitundika, hakusema fasi gani. Badala ya kumushukuru ndani ya moyo, nilianza kujiuliza: huyu ananificha sababu gani? Anataka kunidai nini baadaye? Muntu ambaye umemutupa kwa imbwa, na yeye anakufunika, huyo ana hesabu yake. Njo vile nilifikiri.

Evode alitaka mimi nishike kamba. Tukajaribu. Alijifunga, akapitisha kamba juu ya tawi la chini, mimi nikashika upande wa pili bila kuzungusha ku shina, ili apime nguvu yangu. Akajining'iniza. Viatu vyangu viliachana na udongo. Nilipanda polepole na yeye akashuka polepole, tukapishana katikati, uso kwa uso.

« Muzee, » alisema, « tukifanya kazi hivi, weye njo utakuwa unakata muti. »

Marcellin alicheka kule ku gogo, kicheko kifupi, akakifunga. Evode naye alikaribia kucheka, kisha akakumbuka. Nilimuona anakumbuka.

Wakati huo Mama Nyirabagenzi aliniita kutoka nyuma ya jiko. « Papa Esdras, kuya unishikie hii ndama. Tangu asubui inakataa kunyonya. »

Nilienda. Nilifurahi kupata sababu ya kuondoka pale. Lupangoni mulikuwa na ndama wawili, na ng'ombe mumoja amefungwa kando ili anyonyeshe. Ndama mukubwa, mweupe mwenye madoa, nilimushika shingo, na yeye akaanza kulamba mukono wangu kutoka kiganja mpaka kiwiko, kwa bidii, ulimi wake mukali kama tupa yangu.

« Usimuangalie vibaya, » Mama alisema. « Ni chumvi. Barabara imefungwa kwa magari juma tatu, chumvi haipande huku. Ng'ombe zinalamba ukuta ya jiko, zinalamba fasi bantu bamekojoa. Jana ulimuona mama yake na shati ya Evode? Alimulamba mpaka kifungo ikatoka. »

Alimufungua ndama kinywa kwa vidole viwili, akaingiza mukono ndani kama muntu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Akavuta. Kulitoka uzi wa bulu. Akavuta tena, uzi ukaendelea kutoka, murefu, umelowa mate, na nyuma yake nyuzi zingine tatu zimejifunga pamoja. Ndama akakohoa, akatafuta chuchu ya mama yake.

Nilitazama miti ya lupango. Fasi nilipotundika kamba kulikuwa manyoya madogo ya bulu yameshika ku maganda. Ndani ya mavi ya ndama pia, bulu.

« Jana ulitundika nini hapa? » Mama aliuliza.

« Kamba. »

« Ile ya jasho. »

« Ndiyo, Mama. »

Aliuzungusha ule uzi ku kidole chake. « Ndama bila chumvi, weye unamuletea kamba ya jasho usiku muzima. Hapa kwetu hata mutoto wa kukokota mbuzi hawezi kufanya vile. »

« Miye si muntu wa ng'ombe. »

« Evode ni mutoto wa muchungaji wa ng'ombe. »

« Evode hakujua niliitundika fasi gani. »

« Basi enda umuambie. » Alinipa uzi. « Ao niende miye? »

« Nitaenda. »

Niliuweka ndani ya mufuko wa koti. Kutoka lupango mpaka ku muti si mbali, lakini nilitembea kwa hatua ndogo sana. Nilifikiri: Mama ni bibi ya Léonard, Léonard akishasema kisu, yeye atasema nini mbele ya wageni? Nilifikiri: nikiusema, ni mimi nilikaribia kumuua Evode, si Marcellin. Nina zaidi ya miaka makumi sita. Evode akinifukuza, ninaanza tena barabara, na magoti haya. Saa ya Papa Léonard, ambayo alikuwa ameileta ku mulango na kuiweka juu ya kiti ili sisi wote tuione, ilionyesha saa sita kasoro.

Nilipofika karibu niliona Marcellin amechukua mashini juu ya magoti, ananoa mnyororo. Kazi yangu. Nilikuwa nimeisahau tangu asubui, na hakuna aliyemutuma. Alikuwa anapitisha tupa jino kwa jino, anahesabu kwa midomo, kama nilivyomufundisha. Nilimutazama kwa hila kidogo, kuona kama anaharibu. Alikuwa haharibu.

Nilitoa uzi mufukoni, nikamupa Evode.

« Umetoka ku kinywa ya ndama, » nilisema. « Kamba niliitundika ku lupango. Ni miye. »

Evode aliulinganisha na kamba. Akaunusa. Akaenda ku lupango, akakaa kule muda, akarudi na manyoya mengine ya bulu kiganjani. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

« Kila asubui minapitisha kamba mu mukono mbele ya kupanda, » alisema. « Kila asubui. Leo ilikuwa na matope, nilisema Marcellin atakuwa aliipitisha. »

« Miye nilisema weye uliipitisha, » Marcellin alisema.

Papa Léonard alikuwa amefika. Aliugeuza ule uzi mara mbili. « Na tunajua je kama huyu muzee hakuuweka ku kinywa ya ndama sasa hivi? »

« Ni miye niliutoa, » Mama Nyirabagenzi alisema nyuma yake.

« Na weye tangu lini unasimama upande ya bageni? »

« Tangu ile chumvi ya mwisho uliimalizia ku maharagi yako. »

Papa Léonard alimurudishia Evode uzi. Lakini saa haikuondoka juu ya kiti. « Tawi bado iko juu ya nyumba yangu, » alisema. « Saa saba ni saa saba. »

Evode alimuendea Marcellin. Alikuwa na haya, na haya yake ilifanana na hasira. « Basi, kaka. Ilikuwa ndama. Simama, ushike kamba. »

Marcellin hakusimama.

« Hapana. »

« Hapana nini? »

« Saa mbili nilikuwa muuaji, saa sita niko kaka. Ukipanda, utatazama chini. »

« Sitatazama. »

« Utatazama, patron. Hata sasa unatazama mikono yangu. » Ilikuwa kweli, Evode alinyanyua macho haraka. « Utatazama chini na mashini inalia, utajikata muguu. Hapo Papa Léonard hatatuma muntu ku barrière, atakimbia mwenyewe. »

« Sasa unataka tufanye je? »

« Nipande miye. Weye ushike. »

Evode alitazama mashini. Ni moja tu tuliyo nayo, na Marcellin hakuwahi kuiwasha juu ya muti. Alitazama tawi, akatazama mabati. Halafu akatazama kamba, na nafikiri pale njo alielewa kile alichokuwa anaombwa. Muntu aliyesemwa kwamba alitaka kukuua anakuambia uushike uzima wake mukononi, mbele ya watu, ili wote waone utafanya nini.

Alifungua mukaba, akamupa.

Marcellin aliipitisha kamba yote mukononi, kutoka mwisho uliochomwa mpaka mwisho, polepole, akiikunja kila fasi kuona ndani ya nyuzi. Alipofika ku fundo la katikati alilifungua, akalifunga upya kwa namna yake. Hakuwa na haraka, na saa ile iko pale ku kiti. Kisha akanigeukia.

« Papa Esdras, weye ukae pale ku jiwe. Fasi nitakuona. »

Nilienda, nikakaa ku jiwe.

Vyuma vya miguu alivikataa. Alipanda miguu tupu, amezungusha kamba fupi ku shina, anairusha juu, anajivuta, anairusha tena. Kweli wanapanda vile wakifuata asali. Ganda la mukaratusi lilikuwa bado linateleza kwa mvua, lakini alifika ku panda, akapitisha kamba, akaketi. Evode alizungusha mara mbili ku shina la muti wa pili, akaweka muguu mbele. Sisi wote tulikuwa tunatazama mikono ya Evode: mimi, Papa Léonard, Mama mwenye ndoo ya maziwa. Jasho lilianza kumutoka kabla hajavuta kitu.

Mashini iliwaka mara ya tatu. Marcellin alikata kwanza kwa chini ya tawi, kidogo, kisha kwa juu, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameona Evode akifanya hivyo mwaka muzima. Mabaki ya muti yalitushukia kama unga. Tawi lilianza kuinama kuelekea upande wa shamba, taratibu, likalia, likatoka, likapita mbele ya ukingo wa mabati kwa upana wa mukono, likalala ndani ya maharagi.

Muti ulipopoteza ule uzito ulirudi nyuma na kutingishika. Marcellin aliteleza. Aliachia mashini, ikaning'inia, na yeye akashuka hewani kipimo cha muntu na nusu. Kamba ilikimbia ndani ya mikono ya Evode. Nilisikia inavyokimbia. Kisha ikasimama.

Marcellin alikuwa anazunguka pale juu kama ndoo ya kisima. Alitafuta shina kwa muguu, akalipata, akashika.

« Legeza, » alisema.

Evode hakulegeza.

« Patron. Legeza nishuke. »

Evode alikuwa amefunga macho. Alikuwa amelala nyuma kwa uzito wake wote, meno yameumana, kamba imezama ndani ya viganja. Sijui kama alikuwa anasikia. Niliondoka ku jiwe bila ruhusa, nikamuwekea mukono ku bega.

« Evode. Amekwisha kushika muti. Mulegezee kidogo kidogo. »

Alifungua macho, akatazama juu, akaanza kulegeza, kiganja kwa kiganja.

Papa Léonard alichukua saa yake ku kiti bila kuitazama, akaingia ndani. Tulimusikia anapigapiga ukuta wa chumba, anahakikisha nyumba iko nzima.

Marcellin alipofika chini, Evode alinyoosha mukono amufungulie fundo la kiunoni. Marcellin aliusogeza mukono ule, akalifungua mwenyewe. Akavua mukaba, akauweka juu ya gogo pamoja na mashini. Kisha alichukua mikono ya Evode, akaigeuza viganja juu. Ngozi ilikuwa imetoka fasi mbili, nyekundu, na nyuzi za bulu zimeshika ndani ya damu. Aliitazama muda murefu, kama muntu aliyepewa karatasi asaini na hataki kusaini bila kusoma.

« Ulishika, » alisema.

« Nilishika. »

Mama Nyirabagenzi alileta maji. Marcellin akaenda ndani ya maharagi kukokota matawi, na mimi nikachukua shoka nikamufuata kwa mbali, sababu sikujua kama anataka nikaribie.